Usinihesabie Pointi Kabla Hujanihesabia Dakika

Watu wangu, leo naanza kwa kuungama: mimi ndiye niliyesema pointi moja ni shilingi 50.

Stori iko hivi. Timu yetu ya basketi hapa Jilore iliingia mashindano ya wikendi mbili. Mechi nne. Tukashinda tatu, tukapoteza fainali kwa pointi 3, na zawadi ya nafasi ya pili ikawa shilingi 8,000. Wachezaji ni kumi. Tungegawa sawa, kila mmoja angeondoka na mia nane na maisha yangeendelea. Lakini daftari liko kwangu. Mimi sichezi siku hizi, goti lilishaniaga kitambo, kwa hiyo kazi yangu ni kuandika: nani amefunga, nani ana faulo ngapi, nani ametoka na nani ameingia. Na mtu mwenye daftari, si unajua tena, hujiona hakimu. Nikasimama nikasema, "Tugawe kwa haki. Timu imefunga pointi 160. Elfu nane gawa kwa 160 ni hamsini. Kila mtu alipwe alichofunga."

Watu wakapiga makofi. Hesabu ilikuwa safi, hata shilingi moja haikubaki. Mfungaji wetu bora alikuwa na pointi 61, akachukua 3,050. Wawili ambao hawakufunga kitu niliwanunulia soda kwa pesa zangu, nikajiona mtu mwema. Halafu kuna dogo mmoja, jina lake siliweki hapa, ambaye mechi zote nne alikuwa na pointi 9. Nikamhesabia 450 mkononi. Akaziangalia, akasema, "Sawa kaka," akatia mfukoni.

Jumanne mazoezini hakuja. Alhamisi hakuja. Wiki ya tatu nikamkuta stejini, amekaa juu ya pikipiki ya mjomba wake, anangojea abiria wa Malindi mjini.

Sasa kabla hujaniambia "huyo alikuwa hana moyo", ngoja. Kama hujawahi kufika kwetu, Jilore ni ndani kidogo kutoka Malindi, mto Sabaki upande mmoja, msitu wa Arabuko-Sokoke upande mwingine. Huyo dogo anatoka upande wa mtoni. Alikuwa anatembea karibu saa nzima kuja uwanjani, na saa nyingine kurudi. Mtu anayetembea masaa mawili ili akimbie masaa mawili mengine, huyo moyo anao. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa hesabu iliyonyooka kabisa, kwamba thamani yake ni moja ya saba ya mwenzake.

Na hesabu ilikuwa sahihi. Hicho ndicho kinachoniuma. Sikukosea kujumlisha, nilikosea kitu cha kujumlisha.

Nikawa nalala na hiyo kitu, nikaanza kusoma jinsi wenzetu wanaolipana mamilioni wanavyomhesabu mchezaji. Nilidhani kule mambo yamenyooka. Kumbe na wao wamepigwa chenga na daftari mara nyingi tu.

Chukua Hasheem Thabeet, Mtanzania, kijana wa Dar es Salaam. Jamaa ana urefu wa mita 2.21, na kikapu alikianza akiwa ameshafika miaka ya ujana. Akaenda Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa ukuta. Msimu wake wa mwisho pale, 2008-09, alikuwa anazuia mitupo zaidi ya 4 kwa kila mechi, na timu yake ikafika nne bora ya vyuo vya Marekani nzima. Mwaka 2009 ukafika usiku wa drafti, ule usiku ambao timu za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu. Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili. Wa tatu akachaguliwa James Harden. Wa saba akachaguliwa Stephen Curry. Ndiyo, umesoma vizuri. Mswahili alitajwa kabla ya Harden na Curry.

Na kule mshahara wa mchezaji mpya aliyechaguliwa raundi ya kwanza hauendi na kazi aliyofanya, unaendana na namba aliyochaguliwa. Wa pili anapata zaidi ya wa tatu, wa tatu zaidi ya wa nne, hivyo hivyo mpaka chini. Kwa hiyo mwaka wao wa kwanza, mkataba wa Thabeet ulikuwa mkubwa kuliko wa Curry. Sasa linganisha. Curry alicheza wastani wa dakika 36 kwa mechi, akafunga pointi 17.5. Thabeet alicheza wastani wa dakika 13, akafunga pointi 3.1, akachukua ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Februari 2010 Memphis wakamshusha kwa muda kwenye ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards. Tangu siku hiyo jina lake limekuwa utani. Kila mwaka wakati wa drafti utaona mtu ameweka picha yake na ya Curry pamoja, na watu wanacheka.

Mimi pia nilicheka zamani. Sasa nachukua kalamu.

Dakika 13. Kikapu cha NBA kina dakika 48. Kama unataka kumlinganisha na mtu wa dakika 36, lazima umpe dakika 36 kwenye karatasi. Pale 3.1 inakuwa kama 8.6. Ribaundi 3.6 zinafika karibu 10. Mitupo aliyozuia inafika 3 na nusu. Sasa huyo si mtu wa kuchekwa. Ribaundi 10 na bloku 3 na nusu kwa mechi, timu nyingi zingemtafuta kwa tochi.

Halafu uliza swali la pili: kwa nini alipewa dakika 13? Sehemu ya jibu ni kwamba mbele yake kulikuwa na Marc Gasol, jamaa ambaye baadaye, mwaka 2013, alichaguliwa mkabaji bora wa NBA nzima. Pembeni ya Gasol kulikuwa na Zach Randolph, aliyeletwa kiangazi kile kile cha 2009. Wewe mgeni, umejua mpira juzi, umewekwa nyuma ya milango miwili ya chuma. Angechaguliwa na timu isiyo na mtu mrefu, pengine angecheza dakika 28 usiku wa kwanza, angekosea, angejifunza, angekosea tena.

Pengine. Sitaki kukudanganya. Hesabu ya kumpa mtu dakika ambazo hakucheza ina shimo lake. Mtu wa dakika 13 mara nyingi anakutana na wachezaji wa akiba wa wenzake, na anaweza kutumia nguvu zote kwa sababu anajua anatoka sasa hivi. Ukimuongezea muda anachoka, faulo zinapanda, wakubwa wanamjua udhaifu wake. Na Thabeet alipata nafasi nyingine Houston, Portland na Oklahoma City, jumla mechi 224 za NBA, na wastani wake ukabaki pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Kwa hiyo sisemi alikuwa Curry aliyefichwa. Nasema wanaomcheka wanasoma namba moja tu, ile ya mwisho, bila kusoma ile iliyoizaa. Dakika ndiyo mama wa takwimu. Asiyepewa dakika hana pa kuzalia.

Sasa tuje kwa mshahara, maana najua vijana tunapenda hapo. Tunaona mtu analipwa pesa nyingi tunasema "huyo ndiye bora", kama vile mshahara ni mizani ya dukani.

Curry huyo huyo. Mwaka 2012 kifundo cha mguu kilikuwa kinamsumbua, msimu uliotangulia hakumaliza, alikosa mechi nyingi. Watu waliogopa. Akasaini mkataba wa miaka 4, dola milioni 44. Kwako na kwangu hiyo ni hela ya kununua Malindi nzima, lakini kwa NBA ilikuwa bei ya mtu wa kawaida tu mzuri. Halafu mguu ukapona. Mwaka 2015 akawa mchezaji bora wa ligi na timu yake ikachukua ubingwa. Mwaka 2016 akawa mchezaji bora tena, safari hii kwa kura zote, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Na wakati huo wote analipwa ule mkataba wa kifundo kibovu. Ndani ya timu yake mwenyewe kulikuwa na wachezaji wanaomzidi mshahara. Mwaka 2017 ndipo akasaini mpya, zaidi ya dola milioni 200 kwa miaka 5.

Niambie, Curry wa Juni 2017 na Curry wa Julai 2017 wana tofauti gani? Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni tarehe ya karatasi. Mshahara haukuambii mtu ana thamani gani leo. Unakuambia watu walimuogopa au walimtamani kiasi gani siku ile aliposaini.

Hapa kwetu hakuna milioni 200, najua. Kwetu mshahara wa basketi unakuja kwa sura nyingine. Ni nafasi ya shule yenye timu nzuri na karo ikapunguzwa. Ni chuo cha Nairobi kikikuchukua ukasome huku unacheza. Ni ndoto ya kuvaa jezi ya KPA kule Mombasa, timu ambayo kila mtoto wa Pwani anayedunda mpira anaijua. Ni viatu. Ni mia nane. Lakini mchezo ni ule ule: mtu fulani anaangalia namba yako, anakupangia bei, na hiyo bei inaamua kama kesho utarudi uwanjani au utapanda pikipiki.

Turudi kwa dogo wangu.

Usiku mmoja nikafungua daftari tena. Kumbuka nilikuwa naandika pia nani ametoka na nani ameingia, na matokeo yalikuwa ngapi wakati huo. Zile kurasa sikuwahi kuzisoma, niliziandika tu kwa sababu meza ya waandishi lazima iandike. Nikasoma kuna hesabu Wamarekani wanaitumia siku nyingi, mimi naiita jumlisha-toa. Huangalii mtu amefunga ngapi. Unaangalia yeye akiwa ndani, timu yake imefunga ngapi na imefungwa ngapi, unatoa, basi. Kuna mchezaji anaitwa Shane Battier, alikuwa Houston Rockets, hesabu za namna hii ndizo zilizomtoa gizani. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika makala ndefu juu yake. Pointi zake kidogo, ribaundi kidogo, hakuna mbwembwe. Lakini akiingia, timu yake inaenda vizuri na nyota wa timu nyingine anaanza kukosa. Alikuwa anamkaba Kobe Bryant kwa kumuwekea mkono mbele ya macho tu, bila kuugusa mpira. Hicho kitendo hakina mahali pa kuandikwa kwenye karatasi ya mechi.

Nikamfanyia dogo hesabu hiyo. Mechi nne zetu ni dakika 128, kwa sababu tulicheza robo za dakika nane. Alicheza dakika 70. Ndani ya hizo 70, tuliwazidi wapinzani kwa pointi 31. Dakika 58 alizokaa benchi, walituzidi kwa 12.

Nikarudia mara tatu. Nikafikiri nimekosea ukurasa. Mechi zetu zilikuwa ushindi wa 9, wa 6, wa 7, na kipigo cha 3. Jumla 19. Thelathini na moja toa kumi na mbili, 19. Inaingia. Yule mfungaji wetu wa pointi 61, aliyekaa uwanjani karibu muda wote, alikuwa jumlisha 17.

Na fainali, hapo ndipo mkono ulinitetemeka. Tulikuwa mbele kwa pointi 5, zimebaki dakika 4. Kochi wetu, ambaye ni kaka mkubwa wa hapa mtaani anayejitolea bila kulipwa, akaniuliza mezani, "Nani nimpumzishe niingize mtu wa kufunga tumalize mchezo?" Nikaangalia daftari upande wa pointi. Nikamjibu, "Huyo dogo ana pointi mbili tu leo." Akamtoa. Mchezesha mpira wao, ambaye dogo alikuwa amemganda kama kupe tangu robo ya kwanza, akapumua. Akafunga mara tatu mfululizo. Kutoka mbele kwa 5 mpaka nyuma kwa 3. Pointi 8 kwa dakika 4.

Kwa hiyo nilimnyima dakika, halafu nikamlipa kidogo kwa sababu hakufunga katika dakika nilizomnyima. Na nikaita hiyo haki.

Najua mtu atasema: bro, mechi nne ni chache, labda dogo alikuwa anaingia wakati wapinzani wamechoka, labda alicheza na watu wazuri pembeni. Kweli kabisa. Jumlisha-toa ya mechi nne inaweza kudanganya kama pointi zinavyodanganya. Battier mwenyewe walimpima kwa mechi mamia. Lakini nisikilize: hata kama nusu ya ile 31 ni bahati, bado hakuna njia yoyote ya kufika kwenye 450.

Mwingine atasema: mwisho wa siku mechi inashindwa kwa pointi, huwezi kulipa mtu kwa kutokufunga. Hiyo nayo nimeifikiria. Nikakumbuka Februari 2021, Yaoundé, timu yetu ya taifa, Morans, dhidi ya Angola. Angola hao wakati huo walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imecheza AfroBasket tangu 1993. Tylor Ongwae akapiga mtupo wa mwisho wakati saa inaisha, ukaingia, 74 kwa 73. Video yake sote tunayo, sote tulirusha kwenye stetasi. Ndio mpira uliotusogeza mpaka Kigali mwaka ule, tukiwa na kochi Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume AfroBasket.

Lakini ile ni pointi moja, jamani. Moja! Katika dakika 40, kama Muangola mmoja angefunga kikapu kimoja zaidi, mtupo wa Ongwae ungekuwa wa kufutia machozi. Kwa hiyo kila mara Mkenya fulani alipomzibia mtu njia, alipojitupa chini kuokoa mpira, alipokimbia nyuma wakati mapafu yanawaka, alifunga kikapu kile kile cha ushindi. Ila yeye alikifunga dakika ya 11, na kamera haikumuangalia. Ongwae anastahili kila sifa. Nasema tu kwamba kuzuia pointi mbili na kufunga pointi mbili ni kitu kimoja kwenye ubao, na sisi tunalipa upande mmoja tu.

Na ukilipa upande mmoja, watu watahamia huko. Hilo tumeliona kwa macho. Mashindano yaliyofuata, kila mtu kwenye timu yetu alikuwa anajua pointi moja ni 50. Pasi zikaisha. Mtu anapokea mpira amezungukwa na watatu, mwenzake yuko peke yake chini ya ringi anapunga mikono kama anasimamisha matatu, na bado anarusha. Kwani yeye mjinga? Pasi hailipwi. Kukimbia nyuma hakulipwi. Tulitolewa mechi ya pili. Watu wakasema vijana wamekuwa wachoyo. Hapana, vijana walisoma bei niliyoiweka ukutani wakafanya biashara.

Kabla sijafunga, kuna jambo moja ambalo daftari haliwezi kuliona hata nikilijaza namna gani. Dakika hazianzi uwanjani. Zinaanza nyumbani. Mwenye viatu anapewa dakika kabla ya anayecheza na ndara. Anayekaa karibu na uwanja anapata mazoezi kila siku, anayetoka mtoni anakuja siku mbili. Na dada zetu je? Jioni ile ile sisi tunapiga mpira, wao wana maji ya kuteka, wadogo wa kuogesha, ugali wa kusonga. Wakija, wanapata nusu saa ya mwisho, giza linaingia, halafu mtu anakaa ukutani anasema, "Wasichana wa huku hawajui basketi." Wakati ukivuka Mombasa tu, kule Kwale, wasichana wa Kaya Tiwi wamekuwa wakitikisa mashindano ya shule kwa miaka. Tofauti ya msichana wa Tiwi na wa Jilore haiko kwenye damu. Hesabu dakika kwanza.

Sasa mimi nimefanya nini? Si vizuri kuungama halafu ukaenda kulala.

Kwanza, daftari limebadilika. Kila mchezaji sasa ana safu ya dakika, na hiyo ndiyo ya kwanza, kabla ya pointi. Halafu ribaundi, pasi za kufungisha, mipira aliyopora, mipira aliyopoteza, na jumlisha-toa. Haihitaji kompyuta. Ni kalamu, saa ya simu na rafiki mmoja wa kukutajia namba za jezi.

Pili, kochi akiniuliza nani atoke, sijibu tena kwa pointi. Namuonyesha ukurasa wote, aamue yeye. Yeye ana macho, mimi nina karatasi, na mara nyingi macho yake yalikuwa sahihi mpaka karatasi yangu ilipomchanganya.

Tatu, tumekubaliana pesa yoyote ikija, inagawanywa sawa kwa kila aliyekuja mazoezini. Mfungaji wetu bora alinuna kidogo. Nilimwonyesha fainali, nikamwonyesha zile dakika 4. Akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe yule mchezesha mpira wao alikuwa ananipita mimi." Yeye ndiye aliyekuwa amebadilishwa kumkaba. Siku hizi anapiga pasi.

Na nne, Jumamosi iliyopita nilienda stejini na daftari mkononi. Dogo alikuwa amesimamisha pikipiki kwenye kivuli cha mwembe. Nikampa 350, ile iliyobaki kufika mia nane, kutoka mfukoni mwangu. Akaikataa. Nikafungua ukurasa, nikamwonyesha ile 31 na ile toa 12, nikamweleza ni nini. Akaisoma muda mrefu. Akaniuliza, "Hii ni yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akapiga picha na simu yake.

Abiria akaja, mama mmoja na gunia la mahindi, wanaenda Ganda. Akawasha. Nikamuuliza Jumanne atakuja? Akasema mjomba anataka pikipiki irudi na shilingi 500 kila jioni, na mazoezi ni saa kumi, wakati watu wanatoka mjini. Sikuwa na la kumjibu. Mpaka sasa sina. Tumeanza kuongea na kochi tusogeze mazoezi yawe Jumapili asubuhi, wakati barabara iko kimya, na kuna wawili watatu watalalamika kuhusu kanisa, tutaona.

Nakuachia kazi wewe unayesoma hii. Timu yako, iwe ya basketi, ya mpira wa miguu, hata kikundi cha ngoma, kuna mtu mmoja akikosekana mambo yanaharibika na hakuna anayejua kwa nini. Mtafute wiki hii. Usimpe sifa za jumla jumla za "unajitahidi". Mhesabie dakika zake, uandike, umwonyeshe karatasi. Halafu uniambie alisema nini.